Shuka Lililofuliwa Asubuhi ya Onyesho

Dada yangu alichora kwa mawese. Hakuwa na pesa za rangi za dukani, na hata angekuwa nazo angeziacha hukohuko, maana alikuwa mbishi kama mimi. Alitandika shuka jeupe la kitanda uani kwetu, hapa Rumonge, akalipaka mawese mekundu, masizi ya sufuria na udongo wa ufukweni. Hakuchora nyumba wala mtu wala samaki. Ilikuwa mistari mipana, madoa, na sehemu alizoziacha tupu kwa makusudi. Alipofariki, mama yetu alilitazama shuka lile akasema mbele ya waombolezaji, "Shuka nzima ameiharibu."

Neno hilo lilinichoma. Niliapa kwamba watu wa Rumonge watalisikia shuka lile. Nasema kulisikia, kwa sababu mimi ni mwalimu wa muziki na kazi yangu ni masikio.

Ilinichukua mwaka na zaidi. Kwaya yangu ina wanawake kumi na wawili, wengi wao tulirudi nao kutoka kambi ya wakimbizi huko Tanzania, tulikojifunza kuimba kwa do-re-mi iliyoandikwa ubaoni. Nikawaambia safari hii hakuna ubao, noti zetu ni shuka. Palipo na weusi, sauti ya chini. Palipo na wekundu, shikilia mpaka pumzi iishe. Patupu, nyamaza.

"Mwalimu," mmoja akauliza, "na hapa kuku alipopita na miguu yake, tuimbe nini?"

Kweli, kuku alikuwa amekanyaga masizi na kuacha nyayo nne pembeni. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Nikamwambia aimbe kuku. Aliimba sauti nne fupi, kavu, na nikazipenda kiasi kwamba sikumruhusu kuziacha tena.

Kutoka Bujumbura alikuja mwanamke mpiga selo, ile fidla kubwa inayoshikwa katikati ya magoti. Yeye ndiye aliyesema watu wasikae mbele yetu kama wako misani. Wakae katikati, waimbaji wasimame kuwazunguka, shuka litundikwe juu yao. Tukaomba banda la kukamua mawese kwa Jumapili mchana, siku ambayo halina kazi. Ndani kuna mashine ya mkono, ile inayozungushwa na watu wanaosukuma mti huku wakitembea kwa duara. Nilitaka izungushwe ikiwa tupu, ule mlio wake wa kulalamika uwe sauti ya kwanza.

Asubuhi ya Jumapili hiyo nilitoka kupanga madumu ya kukalia. Niliporudi nyumbani nilikuta shuka liko kambani, linachuruzika maji.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimeifua," alijibu, mikono bado ina povu. "Watu wanakuja kumukumbuka mutoto wangu, na nguo yake itoke mbele yao iko na uchafu? Nani atatusema vizuri? Nimesugua mara tatu, na sabuni yetu ya mawese."

Nililipiga teke beseni. Sijivunii, lakini ndivyo ilivyokuwa: mtu mzima, mwalimu, nampigia mama yangu beseni teke. Liliviringika hadi kwenye ukuta. Mama akalifuata, akaliinua, akaliangalia kama limepasuka, akaingia nalo ndani. Hasira yangu ikageuka aibu palepale, na aibu haikunisaidia kitu, kwa sababu masizi yalikuwa yamekwenda na udongo ulikuwa umekwenda.

Mpiga selo alifika akasimama chini ya kamba. "Bon, Mwalimu, tuahirishe. Noti haziko tena."

Picha nilikuwa nayo kwenye simu. Lakini wanawake kumi na wawili hawawezi kuimba kwa kuangalia simu moja yenye kioo kilichopasuka, tena kila mmoja akiwa upande wake wa banda. Nilizunguka shuka lile mara mbili. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nilijiambia, ingawa siku hiyo niliona kama kiwanda chote kimeungua. Ndipo nilipoyaona mawese. Kila mtu wa huku anajua mawese yakishaingia kwenye kitambaa hayatoki, yanafifia tu. Mistari yake mipana ilikuwepo yote, rangi ya chai ya maziwa.

"Hatuahirishi," nikasema. "Tutaimba kilichobaki."

Waimbaji wangu watatu wa sauti ya chini hawakuwa na weusi wa kuimba tena, nikawapa mashine waizungushe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Walikubali, wakinung'unika kwamba hata wao wamefuliwa.

Watu walikuja wengi kuliko nilivyotegemea: wakulima tuliorudi nao, Waislamu wenye maduka ya sokoni, wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, akina mama wenye watoto mgongoni. Walikaa juu ya madumu, na shuka lenye unyevu likawadondoshea matone. Mashine ikaanza kulia. Selo ikaingia chini yake, kisha sauti tisa, ndefu, kutoka kila upande. Baada ya muda mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Sasa wanaanza saa ngapi?" Watu wakacheka. Sikushusha mkono.

Kicheko kikaisha chenyewe. Watu walianza kugeuza shingo, wakitafuta sauti imetoka wapi, na kila walipogeuka waliinua macho kwenye shuka. Tulipofika pembeni, pale nyayo zilipokuwa, hapakuwa na kitu. Yule mama akaimba kuku wake vilevile, mara nne, akikitazama kitambaa kitupu kana kwamba nyayo bado zipo. Nilishukuru kwamba nilikuwa nimemgeukia yeye na kuwapa wasikilizaji mgongo, wasione macho yangu.

Tulipomaliza, hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba tumemaliza. "Imekwisha?" mtu akauliza. Nikasema imekwisha. Hapo wakapiga makofi na vigelegele, na yule mzee akapiga kuliko wote.

Mama alikuwa amekaa chini kabisa ya shuka, kitambaa cha kichwani kimelowa. Njiani nilimwomba radhi kwa ajili ya beseni, akasema halikupasuka.

Nyumbani aliinama, akatia mkono chini ya godoro lake, akatoa mfuko wa plastiki. Ndani kulikuwa na shuka jingine. Sikuwahi kuliona. Mistari mitatu tu, nyeusi, na kwenye pindo kiganja cha mkono chenye vidole vyote vitano, chekundu, pale dada yangu alipojifutia mawese.

"Hii nilishindwa kuifua," mama alisema.

Alilitandika kitandani, akalinyoosha mikunjo. Kisha akaweka kiganja chake kando ya kile chekundu, bila kukigusa.

"Na hapa," akaniuliza, "mutaimba nini?"