Jiko Lisilo na Moshi

Watiri wa Gatitu, ukimwambia jambo haliwezekani, basi umemchokoza. Ni fundi wa maabara katika chuo kimoja pale Nyeri, na mashine yake ya kutambua gesi kwa mwanga wa infraredi ilikuwa imeanza kudanganya. Kila gesi hukata mwanga huo mahali pake na kuacha mistari, na kila mstari una namba inayojulikana dunia nzima. Tangu mashine ihamishwe chumba, mistari yote ilikuwa imesogea.

"Ijumaa inaenda stoo," akasema Mwalimu Wandera, mkuu wa idara. "Mtungi wa gesi ya kuipimia uliisha. Utairekebisha na nini, maombi?"

Lo! Stoo ya chuo kile ni kaburi, kikiingia kitu hakitoki. Na Watiri alitaka mashine ile ipime hewa ya nyumba za kwao, ambako dadake Tabby alilala Julai moja ya baridi kali, asiamke. Hakuwa tayari kuiachia.

Alhamisi asubuhi akawasha jiko la makaa uani, akangoja. Wandera akaja kuchungulia, akacheka. "Hii imeshaiva, haina hata moshi. Utapata nini hapo?"

"Ngoja tu, mwalimu."

Akavuta hewa ya juu ya makaa kwa bomba la sindano, akaichuja kwa pamba, akaikausha, akaijaza kwenye chupa ya kupimia. Mistari ya kaboni monoksidi ikatokea, imejipanga kama meno ya kitana. Akalinganisha mmoja mmoja na kitabu. Yote ilikuwa imesogea kwa uwiano uleule! Akakokotoa, akairekebisha mashine. Kisha, asije akajidanganya, akamwambia Wandera apulize kwenye chupa nyingine. Mistari ya kaboni dioksidi ya pumzi yake ikaangukia namba zake barabara.

"Haya, umeshinda, haiendi stoo," akasema Wandera. "Lakini hiyo gesi ya kwanza ilitoka wapi, na jiko lilikuwa safi?"

"Hapo hapo kwenye jiko safi, mwalimu. Haionekani, hainuki, na inaua. Hata mama alingoja moshi uishe ndipo akamwingizia Tabby jiko chumbani." Miaka tisa, na bado uchungu ni uleule.

Wandera alikuwa ameshatoa simu, akipiga nyumbani kwake. "Nasirumbi? Mtoto bado amelala? Toa hiyo jiko nje, fungua madirisha. Ndiyo, hata kama haina moshi. Toa sasa hivi!"