Mkono Kwenye Sanduku la Wafula

Aibu hii nimeificha miaka, lakini kwa vile nyinyi ni watu wangu acha niseme, na mkicheka chekeni polepole, maana hata sasa nikisimulia nywele zinanisimama.

Wakati huo nilikuwa fundi Kibomet, hapa Kitale, na nilikuwa na rangi yangu ya mbao niliyofundishwa na mzee aliyenionyesha kazi: misumari ya kutu unailoweka kwa siki wiki nzima, halafu ubao unaupaka kwanza chai ya strungi nzito, ile isiyo na maziwa, ikikauka unapaka yale maji ya misumari, na mti unageuka mweusi wenyewe huku unauangalia. Sasa asubuhi ya sanduku la marehemu Wafula wa Cheptais, baridi ilikuwa kali, sijatia kitu tumboni, na chai ya ubao iko hapo kwa sufuria inatoa mvuke. Nikainywa. (Na mkate juu, wacha niseme yote.) Nikapaka maji ya misumari peke yake, sanduku likatoka kijivujivu, familia wakaniuliza hii ni rangi gani, nikawaambia bila haya ati ni ya dukani, imetoka Eldoret. Wakaniambia basi panda pikapu, twende ukazike na sisi.

Huko Cheptais ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwa nyasi. Watu walikuwa wanakunywa strungi na mjane mwenyewe, Nasimiyu, ndiye alikuwa anamimina. Alipoliona sanduku akaja mbio mikono bado imelowa chai, akaegemea sanduku akilia, wakamtoa, pasta akaanza kuomba. Halafu nikaona. Pale kwa kifuniko, mahali ambapo hapakuwa na kitu, vidole vikaanza kutokea, kimoja, viwili, vyeusi, polepole, mpaka mkono mzima, na kidole cha mwisho kifupi. Mama mmoja akapiga nduru. Maombi yakakatika.

"Hiyo ni mukono ya Nasimiyu!" shemeji yake akasema, maana kidole cha mwisho cha Nasimiyu kilikatwa zamani na panga. "Marehemu anatuonyesha mutu aliyemumaliza!"

Bana, wakamzunguka, mmoja akaokota jiwe, na Nasimiyu anakitazama kiganja chake tu, anamwambia marehemu mumewe, "Baba Simiyu, nimekufanyia nini?" Na mimi ninayejua narudi nyuma hatua moja. Siwadanganyi, hata mimi nilishaanza kuuogopa ule mkono.

"Ni chai!" Sauti ikanitoka nyembamba. "Rangi si ya Eldoret, ni misumari ya kutu, na chai yake niliinywa mimi!"

Wakaniona mwendawazimu. Nikajimwagia mkononi chai ya kikombe cha mtu, nikaubandika kando ya ule wake, tukangoja. (Sijawahi kungoja kitu hivyo.) Ukatokea, mweusi, na mistari yake yote. Yule wa jiwe akaliachilia.

Mama mzazi wa marehemu akanitazama. "Fundi, ulikunywa chai ya mtoto wangu?"

Kicheko kikaanzia huko nyuma, kikafika mbele, nikatamani kuingia shimoni kabla ya mwenyewe. Nasimiyu hakucheka.

Sanduku lingine halikuwapo, tukamzika hivyo hivyo. Niliapa, kazi ya mtu nikiiharibu namwambia kabla hajaibeba. Lakini mkono wangu ulizikwa Cheptais, na kuna asubuhi naamka huu wa kulia uko baridi kuliko mwenzake.