Meli za Baba Ndani ya Kopo

Baba alipopofuka, alianza kuzitazama meli zake kwa kidole gumba. Zilikuwa sarafu nne za fedha, za ukumbusho, kila moja na meli ya wavumbuzi wa zamani: ya Mreno aliyezunguka kusini mwa Afrika, ya yule aliyeitaka India akaangukia Amerika, na za wenzao wawili. Alizawadiwa na mwalimu mgeni waliyefundisha naye jiografia. Kila mchana, barazani kwetu Makole, aliomba kopo la sarafu hizo, akapapasa matanga na kamba, akaitaja meli bila kukosea. “Hawa nao,” alicheka, “wamevumbua watu waliokuwa kwao wanapika.”

Kisha shangazi, dada yake mkubwa, akaja kutoka Kibaigwa kwa ajili ya kipaimara cha binti yangu. Shangazi havumilii weusi kwenye chombo. Kwake, sufuria ya kupikia wageni isipong'aa hadi kitako ni aibu ya ukoo mzima. Niliporudi kazini nilikuta vyombo vimeanikwa uani, na katikati ya vijiko, sarafu za baba, nyeupe pe. Alikuwa amezisugua kwa mchanga, majivu na gunzi la hindi.

“Shikamoo, shangazi.” Salamu haingoji hasira ipoe.

“Marahaba. Umeona? Zilikuwa kama masizi! Wageni wangesema nyumba hii haina mwanamke.”

Niliokota moja. Kamba zote zilikuwa zimelika, na matanga yamebaki kivimbe tu. Nilifungua kinywa nifoke. Lakini shangazi hafokewi. Ukimfokea yeye umemfokea baba. Nikaishia kulipiga teke debe tupu, nikaumia kidole.

Shangazi mwenyewe alimpelekea baba, kwa fahari. Baba akapapasa ya kwanza, akaigeuza, akapapasa ya pili. Za mwisho hakuzigusa.

“Zimetakata?” shangazi aliuliza.

“Zimetakata, dada. Ahsante sana.”

Kipaimara kikapita, shangazi akarudi kwake, na masufuria yetu yakashika masizi upya. Baba hakuomba tena kopo. Nikachoka kungoja, nikampelekea mwenyewe. Akatoa sarafu moja, akaisugua kwa gumba, akaisugua tena.

“Hii ya nani?”

Niliiinamisha juani mpaka nikasoma maandishi. “Ya Mreno, baba.”

Akaifumbata kiganjani.

“Nilikuwa siulizi mtu,” akasema.