Jina la Mtoto wa Tano

Nyumbani kwetu tulikuwa wajukuu wa mfalme, hata siku ambazo sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ilipikwa bila mafuta. Babu wa babu yangu, tuliambiwa, alikuwa mtoto wa kwanza wa yule mfalme wa Bunyoro aliyewatoa Waingereza jasho, akavuka mto Semliki akikimbia vita. Baba aliisema hadithi hiyo kwa sauti ya kanisani.

Vita vyetu vilipomtoa baba kijijini Mangina, aliacha kakao yake shambani na kuja kuishi nami katika chumba nilichopanga mtaa wa Kimemi, mjini Butembo. Mwenye nyumba, Mungu ambariki, alimpa kipande cha shamba upande wa Rughenda apande maharage. Baba akakataa.

"Miye damu ya mwami, hapana kulima shamba ya watu."

Akawa anashinda kitandani, anakonda. Niliogopa nitamzika kwa ajili ya ufalme.

Nikapanda pikipiki hadi Beni, kwa ukoo wenye kilima alikozikwa huyo babu wa babu. Nilitaka uthibitisho, pengine moyo wa baba ungetulia. Mama mmoja mzee wa pale aliyekuwa akichambua maharage alinisikiliza, akacheka hadi akakohoa.

"Mutoto ya kwanza? Na jina yake ni ya mutoto ya tano?"

Sisi Wanande humpa mtoto jina kwa zamu ya kuzaliwa, na hata mtoto mdogo anajua lipi ni la nani. Jina lile tumelitaja miaka yote, na hakuna aliyejiuliza!

"Alikuyaka hapa mubeba muzigo tu, na chumvi ya ziwa Katwe ku kichwa, mugonjwa, peke yake," akasema. "Huku kwetu batoto wanaume balikuwa bane. Bazee bakasema, donc basi huyu wa tano. Bakamupa jina, bakamupa na shamba."

Nilirudi na hofu, maana kumnyang'anya mzee mfalme wake si mchezo. Baba alisikiliza akitazama ukuta.

"Balimupokea tu vile?"

"Ndiyo, baba. Vile vile."

Akalia, nami nikalia. Niliwashukuru watu wale wa kilimani kuliko mfalme yeyote, kwani bila wao nisingekuwapo.

Asubuhi baba alivaa buti, akagonga kwa mwenye nyumba, kijana anayeweza kuwa mwanawe.

"Kwenu batoto wanaume muko bangapi?"

"Batatu, papa."

"Basi miye wa ine. Jembe iko wapi?"