Leso ya Kupoza Injini

Ndani ya buti la gari langu kuna leso kuukuu iliyopauka kwa joto. Maandishi yake yalifutika zamani na pindo moja limeungua. Mafundi wakiiona huitaka ya kufutia grisi, nami huwapokonya kwa hasira hadi wanadhani nina wazimu. Sina wazimu. Nina gari dogo la Kijerumani lenye umri wa kuoa na kuzaa, na ninaishi Garsen, mahali ambapo mtu mwenye akili hununua pikipiki, au gari lililoinuka juu la kupita matopeni.

Mimi ni daktari wa ng'ombe. Hivyo ndivyo ninavyoitwa, ingawa cheo changu cha ofisini ni cha chini kuliko hicho. Nachanja, natibu kwato, napima ng'ombe wa watu na kumwambia mwenyewe huyu ana mimba na huyu hana. Gari nililinunua Mombasa kwa mzee aliyelitunza miaka mingi, nikalileta nyumbani na mtaa mzima ukalipa jina: Mjerumani. Mjerumani ndiye anipelekaye kazini kila siku, Minjila na Gamba, mara nyingine Hola, na siku za mnada hata Madogo. Penye lami twaelewana. Penye udongo mweusi nakodi bodaboda na kumwacha kivulini.

Mke wangu alitoka Kipini. Baba yake ni fundi wa mashua, na yeye alirithi sikio la baba yake. Mimi nilikuwa na spana na kitabu cha ufundi. Yeye alikaa kiti cha kushoto, akainamisha kichwa kidogo, kisha akasema kwa Kiswahili cha kwao, wanakoiita leo yeo, "Yeo lakohoa upande wangu, daktari." Nikifungua upande wake nakuta bushi ya gurudumu imekwisha. Kitambaa cha dari kilipoanza kutuangukia vichwani, alikitoa chote, akashona kingine kwa cherehani yake na kukibandika bila kukunjamana hata mahali pamoja. Nilibadilisha mipira ya milango, rejeta, plagi, shokamzoba za mbele na za nyuma. Kila mwaka gari lilizidi kuwa jipya. Nilijivuna nalo, sikatai.

Mama yangu hakulipenda. Mama ni Muorma wa kweli, amezaliwa nyuma ya ng'ombe, na Kiswahili chake ni kile cha sokoni. Siku moja alinikuta nimelala chini ya gari, akamgeukia mke wangu aliyekuwa akinimulikia. "Binti yangu, hii ng'ombe gani? Kula petroli kila siku, maziwa hapana, ndama hapana." Alikuwa akitania. Mke wangu alicheka, lakini mwanga wa tochi ulitikisika usoni mwangu, kwa sababu mwaka huo tulikuwa tumeanza kwenda hospitali kutafuta mtoto.

Ugonjwa mmoja wa gari hatukuutibu. Saa za jua kali, tukishakwenda mwendo kidogo, Mjerumani alikuwa akikohoa mara mbili tatu kisha akizima, na akizima hawaki tena mpaka apoe. Joto lilikuwa likiichemsha petroli ndani ya mabomba. Dawa yake ilikuwa leso ya mke wangu. Tulifungua boneti, tukailowesha leso kwa maji ya dumu, tukaitandaza juu ya mabomba ya petroli, tukasubiri. Ajabu ni kwamba aghalabu lilizima mahali pamoja, tukishavuka daraja la Idsowe na kuikaribia Gamba, penye miti mitatu ya mikoma kando ya barabara. Tulitandika mkeka chini ya mikoma ile. Nyumbani kulikuwa na simu, wageni, na wenye ng'ombe wagonjwa wakibisha hodi. Pale palikuwa na sisi tu. Alinihadithia utoto wake wote pale, kipande kwa kipande, na mimi, mtu wa maneno machache, nilijikuta nikisema mambo ambayo sijawahi kumwambia mtu.

Nilijua kilichohitajika. Kuna kidude kinachokaa chini ya gari, nyuma, karibu na pampu, kazi yake ni kushikilia presha ya petroli. Changu kilikuwa kimechoka. Nilipomwambia, tumeketi pale mikomani, kwamba nataka kuagiza kipya, alinishika mkono. "Usilitengeneze hilo. Hapa ndipo tuzungumzapo." Basi nikaliacha, na watu wakaniona fundi mbovu.

Hospitali walituambia mke wangu hana tatizo. Daktari alilisema hilo kwanza, polepole, na mimi ambaye kazi yangu ni kuwapa watu habari za namna ile nilijua mara moja sehemu ya pili ya maneno yake. Tukashika njia ya kurudi. Mjerumani akazima pale penye mikoma. Mke wangu akalowesha leso, akaitandaza, akaja kuketi karibu nami kuliko siku zote, akasema mpaji ni Mungu.

Tukaendelea kujaribu. Nilikunywa dawa za hospitali, nikanywa na mizizi ya kuchemsha iliyonuka zizi. Tukamchukua mtoto wa dada wa mke wangu tumlee, msichana mwenye maswali mengi aliyependa kupiga honi. Alipofika umri wa shule mama yake akamtaka, na ni haki yake. Nyumba ilirudi kuwa kimya, ila sasa tulijua kelele za mtoto zikoje. Hapo ndipo mke wangu alipoanza kukonda.

Aliniambia pale pale penye mikoma. Angeniambia wapi kwingine? Mchana ulikuwa wa moto, boneti limefunguliwa, na leso inatoa mvuke. "Nakupenda, daktari," alisema, "na nataka mwana. Haya mawili hayakai nyumba moja." Hakulia. Alisema bado ana miaka michache ya kuzaa, haijapita. Alisema nikimwambia akae atakaa, wala hatanilaumu, lakini niseme nikiwa nimefikiri. Nilifikiri wiki nzima. Ningeweza kusema kaa. Watu wangapi wamekaa? Lakini nilikuwa nimemwona akimfunga msichana yule nywele asubuhi, na nilichokiona usoni mwake sikuweza kukisahau. La kuvunda halina ubani. Nikamwita mjomba wangu na baba mdogo wa mke wangu, nikatamka talaka moja mbele yao, sauti yangu ikatoka kama ya mtu mwingine.

Watu wengi kwetu mke akiachwa hufunga mzigo siku hiyo hiyo. Yeye alisema hapana, dini inasema talaka ya namna hii eda hukaliwa nyumba ya mume, naye ataikalia. Akahamia chumba cha cherehani. Mjomba alinivuta pembeni akanikumbusha kwamba mpaka eda iishe naweza kumrejea kwa neno moja, wala sihitaji ndoa mpya wala mahari. Nilimwambia najua. Sikumwambia kwamba neno hilo lilikuwa likinijia mdomoni kila asubuhi nikisikia maji yakimwagika bafuni.

Basi nikashughulika na gari. Eda ile yote nililikarabati Mjerumani kama mtu anayeozesha. Nilifungua breki za magurudumu yote, nikabadilisha mafuta ya gea, nikashusha tangi nikalisafisha. Nilifanya kazi huku nikishikilia nati kwa meno, mdomo umejaa chuma, na nilikuwa na sababu yangu. Yeye alipika, akaniwekea chakula chini ya kawa, akarudi chumbani. Siku moja gari likiwa linanguruma alipita uani, akasimama, akainamisha kichwa kidogo kama zamani. Kisha akaenda zake.

Eda ilipokaribia kuisha alikuja mlangoni na buibui lake. "Nina ombi," alisema. "Unipeleke wewe kwetu, nisipakiwe na mizigo ya watu. Na lile gari usiliwache likasimama ndiani. Likisimama pale petu, sitofika Kipini. Nitarudi nawe, na nikirudi nitakuya kukuchukia, pole pole. Sitaki kukuchukia."

Nikaagiza kile kidude. Kililetwa na basi la Mombasa kikiwa kimefungwa kwa gazeti. Niliinua nyuma ya gari kwa jeki, nikaingia chini mchana wa jua, nikakifungua kile cha zamani. Nikalala chali pale, kipya mkono wa kulia na kikuukuu mkono wa kushoto. Vilikuwa vimefanana. Ningeweza kukirudisha kile cha zamani, nikatoka na uso wa mtu aliyemaliza kazi, na hakuna mtu Garsen nzima angejua. Safari ile ni ya adhuhuri. Nilijua lingezima wapi, na nilijua nani angeshuka kulowesha leso. Kwa kitu kimoja kibovu mke wangu angerudi nyumbani kwangu. Nililia chini ya gari mpaka machozi yakaniingia masikioni. Halafu nikafunga kile kipya, nikakaza hadi spana ikateleza na kunichuna vidole.

Siku ya safari eda ilikuwa imekwisha, kwa hiyo hakuwa wangu tena, wala haikufaa tuwe wawili tu garini. Mama yangu akaja atusindikize. Alikuja na kibuyu cha maziwa. Kabla hatujaondoka alimwita mke wangu, naendelea kumwita hivyo mnisamehe, akachovya vidole kwenye maziwa, akampaka kwenye paji la uso na viganjani. "Zaa," mama alisema. "Binti yangu, zaa. Mungu kupa wewe watoto mingi." Kisha mwanamke yule aliyetania gari langu kwa kukosa ndama akajifuta macho kwa ncha ya ushungi wake.

Mama akakaa mbele, kiti cha kushoto. Mke wangu akakaa nyuma. Miaka yote ile hakuwahi kukaa nyuma ya gari hilo, na nilipolitia gea sikujua macho yangu niyaweke wapi, kwa maana kioo cha kati kilikuwa kimemjaa yeye.

Mjerumani alikwenda. Sijawahi kuliona gari likienda vile. Jua lilikuwa la kupasua kichwa, lami inameremeta, na injini ikavuma sauti moja tu, safi, bila kukohoa. Tukavuka Idsowe. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, wanasema wahenga, nami nikaomba kikohozi kimoja tu. Nililiomba gari. Nililiomba kwa jina lake, kimoyomoyo: Mjerumani, mara moja tu. Mikoma mitatu ikatokea mbele yetu na mguu wangu ukalegea wenyewe kwenye mafuta.

"Kwa nini polepole?" mama aliuliza. "Gari gonjwa?"

Nilitazama kioo. Mke wangu alikuwa ameegemeza kichwa dirishani, ameinama kidogo, anasikiliza. Alikuwa akitafuta kikohozi kile kile nilichokuwa nikikitafuta mimi. Macho yetu yakakutana kiooni.

"Hapana, mama," nilisema. "Liko sawa."

Nikakanyaga mafuta. Nyuma nikasikia akivuta pumzi, kisha akavuta ushungi ukamfunika uso, na mpaka Gamba, mpaka Witu, mpaka tulipoiacha lami na kuishika barabara ya vumbi ya Kipini, hakuufunua.

Kwao walitupokea kwa heshima. Baba yake alinishika mikono yote miwili. "Ndoo, karibu, mwanangu," alisema, "hapa ni kwako hata yeo." Akanipa kahawa na tende, akaniuliza habari za mvua. Mke wangu aliingia ndani na mama yake. Nilishusha sanduku, nikashusha cherehani. Kabla sijafunga buti, alitoka. Aliiona leso imekunjwa karibu na dumu la maji. Aliishika kidogo, akairudisha. "Haina kazi tena," alisema.

"Haina," nilisema.

"Umelitengeneza vyema." Kisha, kwa sauti ya chini, "Ahsante, daktari."

Nilidhani nitapata dakika mbili za kuhangaika na ufunguo, injini ikiwa moto vile na jua liko vile, watu wote wamesimama uani wakinitazama. Liliwaka mara ya kwanza. Ikabidi niondoke.

Aliolewa baadaye, Lamu. Ana watoto wawili, na wa kwanza, nimeambiwa, hulala vizuri akipakiwa garini. Nilifurahi nilipopata habari, na furaha yenyewe iliniuma kuliko msiba. Mwenye kovu usidhani amepoa. Lakini siku ninayoikumbuka si hiyo. Ni ile ile ya Kipini, wakati wa kurudi.

Mama alikuwa amesinzia kiti cha kushoto. Tulipofika penye mikoma niliegesha gari kando ya barabara, nikazima injini iliyokuwa haina neno. Nikafungua boneti. Nikatoa leso na dumu, nikailowesha, nikaitandaza juu ya mabomba vizuri, pindo kwa pindo, kama alivyokuwa akifanya yeye. Mvuke ukapanda.

Mama aliamka, akashuka taratibu, akaja kusimama nami.

"Gari haribika?" aliuliza.

"Ndiyo, mama," nilisema. "Limeharibika."

Aliitazama injini kwa muda mrefu, yeye asiyejua plagi wala pampu. Kisha akanishika kiwiko, akanivuta hadi kivulini, tukaketi kusubiri lipoe.