Saa ya Mwezini Niliyowekewa

Saa yenyewe niliinunua Katesh siku ya mnada, miaka ile mkoa wetu ulipokatwa kutoka Arusha na kila mwenye cheti akaanza kutembea kama mtu anayengoja kuteuliwa. Nilikuwa na shahada, kazi ya kufundisha sekondari, na nia ya kuoa. Ng'ombe sikuwa naye hata mmoja. Jumapili iliyofuata baba mdogo alikuwa anipeleke Nambis kuniposea, na habari zilikuwa zimenifikia kwamba mzee wa kule, baba wa binti, ameuliza majirani kama msomi ni mtu au ni maneno tu.

Nilihitaji kitu cha kuonekana. Shahada haivaliki.

Mfanyabiashara niliyemwendea alikuwa muuza kanga na betri, ambaye tangu biashara ilipoachiwa huru aliongeza vitu vya kutoka Dubai. Aliiweka saa juu ya kitambaa, kama mtu anayelaza mtoto.

"Hii, mwalimu, ni saa ya mwezini. Wazungu walikwenda nayo huko juu."

"Hii hapa?"

"Ndugu yake."

"Kwa hiyo ni feki."

"Orijino iko Ulaya. Hii iko Katesh. Wewe uko wapi?"

Nilikuwa Katesh. Nikainunua.

Ilikuwa na uso mweusi, visaa vitatu vidogo ndani ya saa kubwa, na kidirisha chenye nusu mwezi. Mgongoni alichorwa mtu wa anga, amevaa kofia kubwa kama chungu, mkono mmoja ameuinua. Nilipofika nyumbani niligundua kwamba visaa vile vitatu vilikuwa rangi tu. Nusu mwezi nayo ilikuwa rangi, na imebaki nusu hadi leo. Lakini mishale mikubwa ilitembea, nami sikuwa na tabia ya kudai makubwa.

Njiani kwenda Nambis baba mdogo alinipa sharti moja. "Mposaji hasemi. Wewe itikia salamu, kunywa chai. Ukifungua mdomo tutarudi na maneno yako, binti tutamwacha."

Ulikuwa msimu wa baridi na ukungu ulikuwa umekaa juu ya mashamba. Wazee walikuwa wamejifunika blanketi. Mimi nilikuwa nimekunja mkono mmoja wa sweta hadi kwenye kiwiko, mkono wa kushoto. Mama wa binti aliponiletea chai aliutazama mkono ule uliojaa vipele vya baridi.

"Mwanangu, una jeraha hapo?"

"Hapana, mama."

"Basi funika."

Sikufunika. Na kweli, mazungumzo yalipofika kwenye swali la huyu kijana ana nini, mzee alinyoosha mkono, akaushika wangu na kuugeuzageuza kama anakagua kwato.

"Hivi vidogo ni vya nini?"

Nilimtazama baba mdogo. Yeye ni mtu ambaye hajawahi kukosa jibu, hata pale ambapo ingefaa akose.

"Vya mambo ya masomo," alisema.

Mzee akaifungua saa, akaigeuza, akamkuta mtu wa anga.

"Na huyu ni nani?"

"Huyo ndiye mwenye saa," baba mdogo akajibu bila kupepesa macho. "Kijana wetu amewekewa tu."

Nilijua tumekwisha. Nilikuwa nimevaa kitu cha kunifanya mtu mwenye mali, na msemaji wangu mwenyewe alikuwa amenivua mbele ya chai. Lakini uso wa mzee ulilegea. Kwetu Mbulu ng'ombe unaowaona kwenye zizi la mtu si lazima wawe wake. Mwenye ng'ombe huwagawa kwa marafiki, huyu Nambis, yule Gitting, mwingine hadi Yaeda Chini, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usiwamalize wote. Anayewekewa hunywa maziwa na kutumia samadi. Ng'ombe akifa, anapeleka ngozi kwa mwenyewe, ijulikane kwamba hakumla kwa siri. Na mtu hawekewi hivihivi. Anachaguliwa.

"Mwenye kitu cha namna hii," mzee aliwaambia wenzake, "hawezi kumwachia mlevi."

Mama wa binti akaleta maziwa ya mgando. Nilijua tumepewa binti.

Kwenye mteremko wa kurudi, baba mdogo alinieleza kwa upole ambao ulikuwa ukiniuma. "Ungekuwa umesema ni yako, angeuliza kwa nini hukununua ndama."

Nilioa. Tatizo la kitu ulichowekewa ni kwamba huwezi kukiuza, kukigawa wala kukitupa. Kila tulipokwenda Nambis baba mkwe aliuliza, baada ya shikamoo na habari za watoto:

"Mwenyewe hajambo?"

"Hajambo, baba."

"Hajaja kuifuata?"

"Bado yuko mbali."

"Mbali wapi?"

"Mbali sana."

Alitikisa kichwa, akimsikitikia mtu aliyeenda mbali hivyo na kuacha mali yake.

Saa ilisimama masika moja. Fundi wa Dongobesh aliifungua, akaifunga tena, akanirudishia pamoja na hela yangu. Nilikaa nayo mfukoni hadi safari iliyofuata ya Nambis, kwa sababu mke wangu alisema heri nimwambie baba yake mimi mwenyewe.

"Baba," nilisema, "imekufa."

Mzee aliweka kikombe chini.

"Ngozi umetunza?"

Niliitoa mfukoni, mkanda wake umechanika, mtu wa anga bado ameinua mkono. Aliishika, akaikagua pande zote, akanirudishia.

"Itunze vizuri," alisema. "Akija, asiseme uliila."

Iko kwenye droo ya kabati letu. Watoto wanakatazwa kuichezea.