Jumamosi Niliyomwachia Mutua Solo

Siku yangu ya kwanza kazini, pale sokoni Tulia, kiongozi wa bendi hakuniuliza hata jina. Alininyooshea gitaa akasema, "Haya, piga." Nikalipiga mpaka kuku wa soko zima wakasimama kwa mguu mmoja. Akaniweka kwenye solo papo hapo.

Bendi ya jazz siku zetu ilikuwa na magitaa matatu. Besi hutembea chini, rithim hushikilia wimbo katikati bila kupumzika, na solo hupanda juu ikijibizana na mwimbaji. Anayetazamwa ni mtu wa solo. Rithim ilikuwa ya Mutua, rafiki yangu. Tulikaa chumba kimoja, suruali moja nzuri tukiivaa kwa zamu.

Halafu nikampenda Mwende wa Matiliku. Baba yake, mzee wa kanisa, alikubali nilete ntheo, wale mbuzi watatu ambao bila hao msichana si mke wako hata mzae kumi. Siku aliyochagua ni Jumamosi, na Jumamosi hiyo tulikuwa na dansi ya mchana Kyuso.

"Tuma mjomba wako," kiongozi akasema.

"Mzee amesema nisipofika mwenyewe, mbuzi watarudi."

"Basi chagua. Solo haina spea."

Mutua akacheka. "Wewe enda ukaoe, bwana. Hizo nyimbo naziota kila siku. Nitakushikia kiti."

Nikaenda. Beberu alinikokota Matiliku nzima, nikafika tai ikiwa mgongoni.

"Ndiye huyu mpiga gitaa?" mzee akauliza.

"Ndiye, baba," Mwende akajibu. "Na mbuzi ni watatu."

Wakapokelewa.

Jumatatu, kwenye mazoezi, kiongozi akanipa rithim. Kule Kyuso watu walikuwa wamedai wimbo mmoja urudiwe mara kumi na nne, kwa ajili ya solo ya Mutua.

"Nilikataa," Mutua akaniambia, macho chini. "Hakusikia."

"Kwani ulipiga vizuri?"

"Vizuri sana, ndugu yangu."

Nikalichukua lile gitaa la rithim, na sikuliweka chini mpaka nilipostaafu.

Vijana huniuliza kama nilijuta. Mke sijamjutia. Lakini mwaka mzima wa kwanza, kila Mutua alipopanda juu, nilikuwa naharakisha rithim kidogo ili ateleze mbele ya watu. Hakuteleza. Juzi, tukinywa chai kwangu, nikamwungamia.

"Nilijua tangu wiki ya kwanza," akasema. "Nikaona una haki. Halafu watu walidhani kule kuharakisha ndio mtindo wetu, wakaupenda."